Motokaa Inapolalamika Mlimani: Mafunzo Kutoka Ufipa

Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma karafuu, wanachama wengi hufika ofisini na swali moja lenye sura nyingi. Huyu husema motokaa yake inapiga mluzi akianza kuondoka. Yule husema yake inagonga akipanda mlima na mzigo. Wa tatu husema yake inavuma kama nyuki, na fundi amekwisha badilisha vifaa vitatu wala mvumo haujaondoka. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya wachumaji imeishia gereji, na magunia ya karafuu bado yako shamba. Kwa hivyo nimeona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu, ili mwanachama aweze kumwambia fundi wake maneno yenye maana, wala asiuziwe kifaa asichokihitaji.

Mifano mingi nitakayoitoa ni ya Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, Mkoa wa Rukwa. Wako watakaouliza: sisi tuko Pemba, na Sumbawanga iko mwisho wa Tanzania Bara kwa upande wa magharibi, tuna nini nako? Jibu ni kwamba milima ya kisiwa chetu ni mifupi. Motokaa huikwea kwa dakika moja au mbili, ikaguna kidogo, ikafika juu, na dereva akasahau. Ufipa mlima ni mrefu, na ugonjwa uliojificha hapa kwetu, kule hujitangaza. Tena wako wanachama wenye ndugu wanaofanya biashara ya mahindi na maharage huko, nami nilipata nafasi ya kuwatembelea na kuwasikiliza madereva na mafundi wao.

NCHI YA JUU NA HEWA NYEPESI

Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770, na upande wa mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 800. Basi mtu atokaye Muze bondeni, au bandari ya Kasanga ziwani, akitaka kufika mjini sharti apande kiasi cha mita elfu moja. Barabara kuu ya kutoka Tunduma, yenye urefu wa kilomita 220 na zaidi, ilitiwa lami katika mradi uliogharimiwa na Marekani kwa mkataba wa mwaka 2008, na safari ya njia hiyo ni nyepesi kuliko ilivyokuwa zamani. Lakini njia za kushukia mabondeni zina makona makali na miteremko mirefu, na lori lililojaa mahindi huko halisamehewi kosa.

Hewa ya juu ni nyepesi. Kwa mita 1,800, presha ya hewa ni kiasi cha sehemu nne katika tano za presha ya pwani. Na injini ni moto uliofungwa ndani ya chuma. Moto hauwaki bila ya hewa. Wafipa walilijua jambo hili kabla ya motokaa yoyote kufika kwao. Wazee wao waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, na urefu wa tanuri ndio uliovuta hewa pasipo mtu kushika mivukuto.

Kwa sababu hiyo, injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kiasi cha moja katika tano ya nguvu zake ifikapo Sumbawanga. Dereva mgeni hukanyaga mafuta, akasikia injini inakoroma wala gari haliendi, akadhani injini imekufa. Pengine haina ugonjwa wowote ila upungufu wa pumzi. Dawa yake ni kushusha gia mapema, si kubadilisha vifaa. Kadhalika maji katika chombo kilicho wazi huchemka kule kwa kiasi cha nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni presha inayofungwa na kifuniko. Kifuniko kikilegea, injini itachemka mlimani, na injini iliyochemka huanza kugonga.

MASWALI MATATU

Fundi mmoja mtu mzima niliyemkuta Sumbawanga ana kawaida ya kutofungua boneti mpaka dereva amjibu maswali matatu. "Nikifungua kabla hujanijibu," alimwambia kijana mmoja mbele yangu, "utalipa mara mbili." Maswali yenyewe ni haya:

La kwanza: Gari likiwa limesimama na gia imetolewa, ukipiga resi, sauti inatoka? Ikitoka, na ikazidi kadiri injini inavyozidi mwendo, basi ugonjwa uko kwenye injini yenyewe au vitu vinavyozungushwa nayo, kama vile mkanda, jenereta ya umeme na pampu ya maji, au kwenye bomba la moshi. Usiguse magurudumu.

La pili: Sauti inafuata mwendo wa gari, hata ukiachia mafuta? Ikiwa gari likienda kilomita 50 kwa saa sauti ipo, ukiachia mafuta sauti bado ipo, na inapungua tu kadiri gari linavyopungua mwendo, basi ugonjwa uko chini, kwenye matairi, beringi za magurudumu au difu. Jaribio hili lifanywe barabara tambarare isiyo na watu, gia ikiwa ndani. Kamwe mtu asitoe gia katika mteremko kwa ajili ya kusikiliza.

La tatu: Sauti inakuja pale tu gari linapovuta mzigo? Yaani ukikanyaga ipo, ukiachia haipo, na mlimani inazidi? Basi tafuta kitu kinachobeba nguvu ya kusukuma gari. Huenda ni mripuko mbaya wa mafuta ndani ya silinda, vitako vya injini, klachi, krosi za propela, au viungo vya ekseli za mbele.

Mwanachama akiyashika maswali haya matatu tu, amekwisha punguza nusu ya gharama. Fundi mwaminifu atafurahi kuyajibiwa, na asiye mwaminifu atajua ana mtu wa aina gani mbele yake.

HABARI YA LORI LA MAHINDI

Nitatoa mfano mmoja. Ndugu wa mwanachama wetu ana lori dogo aina ya Canter linalopandisha mahindi kutoka bondeni. Lori hilo lilikuwa na sauti moja tu: dereva akiachia klachi na kukanyaga mafuta, linatoa "ko!" moja, kisha kimya. Akiinua mguu, "ko!" nyingine. Utingo alisema ni springi. Fundi wa kwanza alibadilisha kitako cha injini. Wa pili alitaka kushusha giaboksi, na bei yake ilikuwa kubwa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba liko jicho la mtu.

Jina Sumbawanga, kama wenyeji wengi wanavyolieleza, maana yake ni "tupa uchawi". Mzee yule wa maswali matatu alicheka akasema, "Basi utupeni kwanza, ndipo tuingie chini ya gari." Aliuliza maswali yake. Likisimama na kupigwa resi, halina sauti. Likienda kwa mwendo wa sawa, halina sauti. Linagonga pale tu nguvu inapogeuka, kukanyaga na kuachia. Akasema nguvu hiyo inapita mahali palipolegea.

Alilisimamisha tambarare, akaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, injini ikazimwa. Akaingia chini, akaishika propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Krosi ya nyuma ilicheza, na pembeni mwa vikombe vyake palikuwa na unga mwekundu wa kutu. Dalili hiyo haina ubishi, maana grisi imekwisha na beringi ndogo za ndani zinasagika. Krosi ilibadilishwa kabla ya adhuhuri, kwa fedha kidogo kuliko ile iliyotumika kwenye kitako kisichokuwa na kosa.

Lakini jambo kubwa si fedha. Katika malori mengi madogo ya aina hii, na katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya giaboksi. Krosi ikivunjika mlimani, propela huanguka. Hapo injini haiwezi tena kulizuia gari kwa gia, na breki ya mkono inashika chuma kisichounganishwa na gurudumu lolote. Dereva anabaki na breki ya mguu peke yake, huku tani za mahindi zikimsukuma kurudi nyuma. Na ikianguka ncha ya mbele wakati gari linakwenda mbele, yaweza kuchoma barabara na kulinyanyua gari. Basi ile "ko!" ndogo ambayo watu waliizoea kwa miezi ilikuwa ikitoa habari ya roho za watu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na motokaa haina kilio kingine ila sauti hiyo.

SAUTI NYINGINE NA MAANA ZAKE

1. Mluzi au mlio mkali mbele, hasa asubuhi ya baridi au mara tu ukikanyaga mafuta. Aghalabu ni mkanda. Kama mkanda ni wa mistari, injini ikiwa katika mwendo wa chini, nyunyizia matone machache ya maji upande wenye mistari. Mlio ukitoweka kwa muda kisha ukarudi, huenda gurudumu moja la mkanda limekaa upande. Mlio ukizidi, mkanda umelegea au mkazaji wake umechoka. Anayefanya kazi hii asivae kanzu ya mikono mipana wala asining'inize kitambaa shingoni. Mkanda hautofautishi nguo na kidole.

2. Sauti kama mbaazi kavu zikitikiswa ndani ya kopo, ukipanda mlima kwa injini ya petroli. Ni mafuta yanaripuka vibaya ndani ya silinda. Sababu zake ni petroli hafifu au iliyochanganywa na mafuta ya taa, moto wa plagi kuwekwa mapema mno, injini kuchemka, masizi mengi juu ya pistoni, au dereva kung'ang'ania gia kubwa katika mwendo mdogo. Punguza mafuta, shusha gia, na mlio ukiendelea tafuta sababu siku ile ile. Ukiachwa hutoboa pistoni.

Hapa pana mtego ambao watu wa pwani yafaa waujue. Katika hewa nyepesi mlio huu hupungua wenyewe, kwa sababu presha ndani ya silinda ni ndogo. Gari lililokuwa likilia pwani laweza kunyamaza Sumbawanga, mwenyewe akasema limepona. Tena wako mafundi wa huko ambao, kwa gari la zamani lenye distribyuta, husogeza moto mbele ili kurudisha nguvu kidogo. Kule halina ubaya. Likishuka pwani kwenye hewa nzito, litalia kwa kila mlima. Kwa hivyo anayenunua gari lililotumika nyanda za juu alijaribu pwani, likiwa na mzigo, kabla ya kutoa fedha. Magari mapya yana kifaa kinachosikia mlio huu na kurudisha moto nyuma chenyewe. Ukiusikia waziwazi katika gari la namna hiyo, usiupuuze.

3. Mgongo mzito, "du, du, du", kutoka chini ya injini, unaozidi injini ikipata moto na ikivuta mzigo. Huenda ni beringi za konrodi. Zima injini mara moja na upime oili. Gari lenye sauti hii halipelekwi kwa fundi, huvutwa. Kilomita tano za kulilazimisha zaweza kugeuza matengenezo ya beringi kuwa ununuzi wa injini.

4. Injini ya dizeli hugonga kwa asili yake. Tusiogope mgongo wake wa kawaida. La kuangalia ni mabadiliko. Ikiwa silinda moja inagonga kuliko nyingine, pamoja na moshi mweusi au mweupe, shuku nozeli. Mafundi wa zamani hulegeza bomba la nozeli moja moja ili kujua lililo gonjwa. Kwa injini za kale lafanyika kwa uangalifu. Kwa dizeli za kisasa zenye bomba moja la presha kubwa ni haramu kabisa, kwani presha hiyo huweza kupenyeza dizeli ndani ya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali.

5. Mluzi wa upepo katika gari lenye tabo, pamoja na nguvu kupungua na moshi mweusi. Kagua mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Aghalabu mmoja umepasuka au kibanio kimelegea.

6. "Tak-tak-tak" unapokata kona huku umekanyaga mafuta, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ni kiungo cha ekseli. Tazama mpira unaokifunika. Ukiona umechanika na grisi imerushwa ndani ya rimu, vumbi limekwisha ingia. Mpira ukibadilishwa mapema kiungo hupona. Ukichelewa, hununuliwa vyote.

7. Mvumo wa nyuma unaobadilika ukikanyaga na ukiachia. Pima oili ya difu kabla ya neno lolote jingine. Mvumo unaobadilika gari likiegemea kulia au kushoto katika kona ni wa beringi ya gurudumu.

8. Injini inapandisha sauti lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua. Hiyo ni klachi inateleza. Usianze nayo mlima.

SAUTI INAYOUA KWA UTULIVU

Nimeiacha moja makusudi ili isimame peke yake. Ni ile "tsi-tsi-tsi" au "pu-pu-pu" ya haraka kutoka ubavuni mwa injini, inayozidi ukikanyaga mafuta, kali asubuhi na pengine hafifu injini ikipata moto. Hiyo ni gasketi ya moshi iliyoungua au bomba lililopasuka karibu na injini. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa kidogo, na kwa hivyo wengi huona ni jambo dogo. Ukitazama pale kwenye maungio utaona alama nyeusi ya masizi.

Ufipa huwa na baridi kali usiku katika miezi ya Juni na Julai. Abiria hufunga vioo vyote na kujikunyata. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huingia kwa tundu za sakafu na za dashibodi. Mtu huumwa na kichwa, akasinzia, na wenziwe wakadhani ni uchovu wa safari. Sisi Pemba hatuna baridi hiyo, lakini tunayo mvua; na mvua ikinyesha, wachumaji wanaorudi jioni hufunga vioo au hufunikwa kwa turubali nyuma ya pikapu. Sumu ni ile ile. Mwenye gari lenye sauti hii asipakie mtu mpaka limetengenezwa, na aliye ndani akihisi kichwa kizito afungue vioo, ashuke, na apumue hewa safi, kisha apelekwe kwa daktari.

KABLA YA MSIMU

Kwa muhtasari, namshauri kila mwanachama mwenye pikapu, kirikuu au lori afanye haya majuma mawili kabla ya kuanza kuchuma:

(a) Asimamishe gari tambarare, apige resi taratibu, na asikilize akiwa nje, boneti likiwa wazi.

(b) Alipakie nusu ya mzigo wake wa kawaida, apande nalo mlima mrefu kuliko yote ulio karibu naye kwa gia ya pili, redio imezimwa na vioo vimefunguliwa, na mwenzake akae nyuma kusikiliza chini.

(c) Aandike katika karatasi sauti inatoka lini: gari limesimama au linakwenda, kwa kukanyaga au kuachia, injini baridi au moto, kwa mzigo au bila mzigo, moja kwa moja au katika kona. Karatasi hiyo ndiyo ampe fundi.

(d) Amtake fundi amwonyeshe kifaa kinachocheza kabla ya kukinunua, na kile kilichotolewa amrudishie.

(e) Krosi za propela zitiwe grisi kama zina nepeli, na magari yenye breki ya mkono kwenye propela yasiegeshwe mlimani bila ya kizuizi chini ya gurudumu.

Kazi yote hii haizidi asubuhi moja, na sehemu kubwa yake haina gharama. Karafuu ikichumwa haingoji; ikirundikwa ikapata joto na unyevu huharibika rangi, na daraja hushuka. Aliyeisikiliza motokaa yake mapema ataifikisha mali yake kituoni kwa wakati, na wachumaji wake watafika majumbani mwao salama, inshallah. Mwanachama mwenye sauti asiyoifahamu na ailete ofisini pamoja na ile karatasi. Tutaisoma pamoja kabla hajaenda gereji.

Katibu